Mwenye Hisa na Mwenye Shamba Wasikie Neno Moja

Aprili 2024, mto Rufiji ulipopanda na kufunika mashamba ya mpunga na nyumba za Muhoro, Chumbi na vijiji vya kuelekea delta, swali lililozunguka barazani na kwenye makundi ya WhatsApp lilikuwa fupi: nani amefungulia maji? Bwawa la umeme la Julius Nyerere, kwenye mto huo huo, lilikuwa limeanza kujazwa Desemba 22, 2022. Mtambo wake wa kwanza ulikuwa umeingia kwenye gridi ya taifa Februari 2024. Sasa, miezi miwili baadaye, watu wa bondeni walikuwa wanabeba magodoro vichwani. Serikali na shirika la umeme, TANESCO, walijibu, na jibu lao likarudiwa siku baada ya siku: Rufiji imekuwa ikifurika tangu zamani, mvua za msimu ule zilipita kiasi, na bwawa limezuia maji mengi. Bila bwawa, walisema, hali ingekuwa mbaya zaidi.

Sina ugomvi na hesabu za wahandisi. Hata historia iko upande wao: mafuriko ya 1968 ndiyo yaliyoifanya Serikali iendeshe Operesheni Rufiji na kuwahamishia wakazi wa bondeni sehemu za juu, miaka hamsini kabla zege la bwawa halijamwagwa. Lakini mtu aliyepanda juu ya dungu lake shambani, anatazama magunia ya mpunga yakielea, hakuuliza kama bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Aliuliza maji ya kesho yatafika wapi, na kama atangulize watoto au mbuzi. Kumjibu kwa takwimu za kulitetea bwawa, hata zikiwa za kweli tupu, ni kumwambia kwamba jengo lina wakili na yeye hana.

Nawaandikia vijana wanaoingia kwenye kazi hii ya kuwa washauri wa mawasiliano wa makampuni na mashirika, hasa wanaoitwa pale fedha zinapoyumba au maafa yanapotokea. Vyuo vinawafundisha kuandika taarifa kwa vyombo vya habari na kuandaa mkutano na waandishi. Ni sawa. Ila kazi yenyewe iko mahali pengine: kuhakikisha mwenye hisa na mwenye shamba wanaambiwa jambo lile lile, siku ile ile, kila mmoja kwa lugha anayoielewa. Pale maneno mawili yanapotofautiana ndipo kampuni inapovunjika. Nimeichagua Rufiji na Kibiti kuwa darasa kwa sababu kwa miaka thelathini sasa eneo hili limepitiwa na karibu kila aina ya msukosuko ambao mteja wako anaweza kukuletea: mradi mkubwa, mwekezaji wa nje, mazao yasiyolipwa, mauaji, kimbunga.

Anza na kitu ambacho mtu wa Dar es Salaam hakimwingii akilini kwa urahisi. Mrufiji haogopi kila furiko. Mpunga wa bondeni unayategemea maji ya msimu, na maji yakishashuka watu hulima mlau kwenye udongo uliobaki na unyevu: mahindi, kunde, mboga. Furiko la kiasi ni mbolea ya bure. Kwa hiyo mwandishi wa kipeperushi anayeahidi kwamba mradi utakomesha mafuriko, akidhani ametoa habari njema, ameandika tishio. Nusu ya wasomaji wake wamesoma kwamba mlau umekwisha. Hili huwezi kulijua ukiwa ofisini Posta au Masaki. Utalijua ukikaa Utete au Mbwera msimu mmoja ukasikiliza watu wanaongea kuhusu maji bila kuwauliza kuhusu mradi wako.

Ukishapewa kazi na kampuni yenye bwawa, mgodi, bomba, shamba kubwa au benki, usiende kwanza kwa waandishi wa habari. Nenda kwa mtu anayefunga na kufungua. Kila taasisi anaye: mhandisi wa zamu, mkuu wa hazina, meneja wa ghala, mkaguzi wa ndani. Kaa naye bila bosi wake. Muulize ni kitu gani kikiharibika usiku wa leo kitamgusa mtu wa nje kabla mkurugenzi hajaamka. Kama ni bwawa, uliza mlango ukifunguliwa maji yanafika Utete baada ya saa ngapi, yanafika Daraja la Mkapa baada ya saa ngapi, na yakikutana na bamvua kule Salale yanafanya nini. Mto unapojaa na bahari inapopanda kwa wakati mmoja, maji ya delta hayana pa kwenda, na ratiba ya mwezi inakuwa sehemu ya taarifa yako kama ilivyo sehemu ya kazi ya mvuvi. Kama ni benki, uliza ni wateja wangapi wakija kutoa fedha kwa siku moja tawi litaishiwa noti. Mhandisi au mhasibu akikujibu kwamba hayo si mambo ya watu wa mawasiliano, umeshagundua kazi yako ya mwezi wa kwanza.

Majibu hayo yageuze kuwa taarifa zilizoandikwa kabla, zikiwa na nafasi wazi za tarehe, saa na jina la mahali. Halafu pata saini ya ruhusa ya mapema. Hapa ndipo washauri wengi wanapokwama. Taarifa nzuri inakaa kwenye simu ya mkurugenzi aliyelala, au inasubiri wizara isome, au mwanasheria anataka kubadilisha neno. Dai mapema, kwa maandishi, kwamba mhandisi wa zamu anaruhusiwa kutuma onyo la maji bila kumwamsha mtu. Onyo si mahali pa kujadili lawama. Lawama inaweza kusubiri kamati. Maji hayasubiri.

Mfano mzuri ulikuja mwezi mmoja tu baada ya mafuriko yale, na hakuna aliyeupigia makofi. Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinasogea pwani mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa taarifa mfululizo: kimbunga kiko wapi, kinaelekea wapi, mikoa gani ijiandae. Boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimama. Kilipofika upande wa Mafia na Kilwa, Mei 4, barabara ya kusini ilikatika na hasara ilikuwepo, lakini sikusikia mtu akiuliza nani kakileta. Ndiyo, kimbunga hakina mwenyewe wa kulaumiwa, na bwawa linaye. Hata hivyo iga ile tabia ya kutoa taarifa inayofuata hata kama ya kwanza haijabadilika. Andika mwishoni: "Tutatoa taarifa nyingine saa kumi na mbili jioni." Saa kumi na mbili ikifika, itoe, hata kama unachoweza kusema ni kwamba hali ni ile ile. Ukimya wa saa tatu unajazwa na mtu mwingine, na huyo hana mwanasheria.

Sasa jiulize hiyo taarifa inafikaje. Delta ya Rufiji ina mikoko inayokadiriwa kufikia hekta 53,000, msitu wa mikoko mkubwa kuliko wowote ulioshikana Afrika Mashariki, na ndani yake kuna vijiji ambavyo barabara yake ni mkondo wa maji. Unatoka Kibiti mpaka Nyamisati kwa gari, kisha unasubiri maji yajae. Mtandao wa simu unakuja na kuondoka. Taarifa iliyobandikwa kwenye tovuti, hata ikiwa na nembo nzuri, haifiki kule. Inafika kwa mtu: mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji, imamu anayeshika kipaza sauti baada ya sala ya magharibi, nahodha wa boti ya abiria, mama anayenunua kamba na samaki kwa wavuvi na kuwapelekea wafanyabiashara wa mjini. Tengeneza orodha yao yenye namba mbili mbili za simu, na uihakiki kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu watendaji huhamishwa na namba hufa. Namba ya pili iwe ya mtu anayelala kijiji hicho hicho, siyo ya mtoto wake aliyeko Mbagala.

Usiwasahau wasioonekana kwenye mkutano wa hadhara. Baada ya wafugaji kuondolewa Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, wengi walishuka na ng'ombe wao hadi Rufiji na Kilwa, na hadi leo mkulima na mfugaji wa bonde hili hawakai benchi moja kwa raha. Ukiitisha mkutano mmoja kijijini, utakuwa umezungumza na upande mmoja. Wanawake nao watakaa nyuma na kunyamaza mpaka mkutano uishe, kisha wataongea yote pale wanapoteka maji. Mpeleke mwanamke wa timu yako pale, bila fulana ya kampuni.

Na kuna adabu ambayo haiandikwi kwenye mpango kazi wowote. Unaanza kwa mtendaji wa kata, unamwamkia mzee kabla hujamwamkia diwani kijana, unasema umetumwa na nani na nani anakulipa. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko mengine. Kijiji kinajua kukadiria uzito wa maneno ya mtu aliyelipwa. Kinachokikera ni kuyasikia bila kuambiwa kwamba yamelipiwa.

Kuna watakaosema haya yote ni mambo ya maendeleo ya jamii, na kwamba mawasiliano ya fedha ni kitu kingine, cha watu wa suti. Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi. Bwawa la Nyerere lilijengwa na Arab Contractors pamoja na Elsewedy Electric, chini ya mkataba uliosainiwa Desemba 2018. Elsewedy ni kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa la Misri. Kwa hiyo mlango mmoja wa bwawa una waulizaji wawili, mmoja yuko Muhoro na mwingine yuko Cairo, na wote wana simu. Mchambuzi wa soko anayesoma kwamba mradi unatupiwa lawama za mafuriko atauliza kuhusu bima, fidia na sifa ya kampuni. Ukimpa yeye jibu refu lenye hatua na tarehe, halafu Muhoro ukawaambia wawe na subira, jibu la Cairo litapigwa picha na kutumwa Muhoro kabla ya magharibi.

Delta iliwahi kulionyesha hili kabla ya simu janja. Mwaka 1997 kampuni ya African Fishing Company ilipata kibali cha Baraza la Mawaziri kwa mradi mkubwa mno wa kufuga kambamiti ndani ya delta, ingawa wataalamu wa baraza la mazingira, NEMC, walikuwa wameshauri usikubaliwe. Hoja za mradi zilikuwa ajira na fedha za kigeni. Ni hoja zinazopendeza kwa mkopeshaji na kwa waziri. Kwa mvuvi wa Salale au Mbwera, ambaye kamba tayari anao na mikoko ndiyo inayowalea, zilikuwa ni habari za kunyang'anywa. Wakazi, wakisaidiwa na wanasheria wa mazingira wa LEAT na kuandikwa na waandishi wa habari za mazingira wa JET, walikwenda Mahakama Kuu. Mabwawa yale ya kambamiti hayakujengwa. Sidhani kama mshauri yeyote wa mawasiliano angeuokoa mradi ule, na pengine haukustahili kuokolewa. Lakini mshauri mwaminifu angeweza kumwambia mwekezaji mapema, kwa bei ndogo kuliko ya kesi, kwamba kibali cha Dar es Salaam si ridhaa ya delta. Miaka kumi hivi baadaye Wasweden wa SEKAB walikuja na ndoto ya miwa ya ethano Bagamoyo na Rufiji. Nyuma yao kulikuwa na manispaa za kaskazini mwa Sweden, maana yake walipa kodi wa kule nao walikuwa hadhira. Walijiondoa mwaka 2009.

Mfano mkubwa kuliko yote nchini hautoki Rufiji, na ni lazima kila mshauri wa fedha ausome. Machi 2017 Serikali ilizuia kusafirisha nje makinikia, yaani mchanga wenye dhahabu. Mei 24 kamati ya Profesa Mruma ikasoma matokeo yake mbele ya Rais Magufuli, Juni 12 ikafuata kamati ya Profesa Osoro, na taifa zima likatazama moja kwa moja kwenye televisheni, kwa Kiswahili. Kampuni ya dhahabu ya Acacia, iliyoorodheshwa London, ilijibu kwa taarifa za soko la hisa, kwa Kiingereza, zilizoandikwa kwa uangalifu wa kisheria. Mwezi Julai ikatangaza kwamba imedaiwa kodi, riba na adhabu za kiasi cha dola bilioni 190. Wanahisa wa London walipata maelezo. Mtu wa Kahama alipata hotuba ya Rais. Bei ya hisa ilianguka, na hatimaye mazungumzo yakafanywa na kampuni mama, Barrick, iliyofikia makubaliano Oktoba mwaka ule na kuimeza Acacia mwaka 2019. Simo katika ubishi wa nani alikuwa na haki ya kodi. Ninachowaonyesha ni kampuni iliyochimba miaka mingi katika nchi ya Kiswahili, ikafika siku yake ngumu kuliko zote bila kuwa na mtu mmoja ambaye wananchi wangemsikiliza kwa dakika tano kwa lugha yao.

Kwa hiyo mteja wako akiwa kampuni iliyoorodheshwa Dar es Salaam, fahamu kwanza sheria inataka nini: habari inayoweza kubadilisha bei ya hisa hutolewa kwa soko lote kwa pamoja, haimegwi kwa rafiki wala kwa mwandishi umpendaye. Weka orodha ya wanaojua, yenye tarehe na saa ambayo kila mmoja alijulishwa. Wewe mwenyewe usinunue wala kuuza hisa za mteja, na mwambie na mwenzi wako. Kisha fanya lile ambalo sheria haikulazimishi: siku ile ile ambayo taarifa inakwenda soko la hisa, toleo lake la Kiswahili chepesi liwe kwenye ubao wa ofisi ya kata inayohusika. Toleo hilo lisiwe muhtasari uliolainishwa. Namba zile zile, hasara ile ile.

Fedha za kijijini zina msukosuko wake, na Kibiti wanaujua kupitia korosho na ufuta. Mkulima anapeleka mzigo ghalani kwa chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, mnada unafanyika, halafu anasubiri pesa iingie. Msimu wa 2018 wafanyabiashara walikataa kupandisha bei, Novemba Rais Magufuli akaagiza jeshi libebe korosho na Serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilifurahisha. Kisha ukaja uhakiki, kuwatenganisha wakulima na watu wa kangomba, yaani walanguzi wa korosho, na wengi wakasubiri miezi. Kilichowaumiza wakulima kwenye kusubiri kule hakikuwa njaa peke yake. Ilikuwa ni kutojua kama jina lako limepita, limekwama au limefutwa, na hakuna wa kumuuliza.

Ukiwa upande wa anayedaiwa, iwe chama cha msingi, mnunuzi au benki, jifunze kuandika taarifa ya kuchelewa. Lugha yetu ya ofisi imejaa vichaka vya kujificha: mchakato unaendelea, changamoto za kimfumo, taratibu zipo katika hatua za mwisho, wananchi wavute subira. Vifyeke vyote. Taarifa ya kweli husomeka hivi, na nimeitunga kwa mfano tu: "Malipo ya mnada wa tarehe 2 hayajaingia. Mnunuzi ametulipa, sisi tumechelewa kuyahakiki majina. Majina ya vijiji vitatu yamekamilika na watalipwa Ijumaa. Vijiji viwili vilivyobaki vitalipwa Ijumaa inayofuata. Ambaye hajapata hadi hapo aende kwa katibu wa chama akiwa na risiti yake ya mizani." Isome kwa sauti mbele ya mtu asiye wa ofisini. Akiuliza "lini?" baada ya kuisikia, hujaandika kitu.

Kwa benki, uvumi una kasi ya ajabu. Januari 4, 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano ndogo zilizokosa mtaji wa kutosha, zikiwemo Covenant, Efatha na ile ya wakulima wa Kagera. Kinga ya Bodi ya Bima ya Amana wakati ule ilikuwa shilingi milioni moja na nusu kwa mteja. Tangu 2023 ni milioni saba na nusu. Namba hiyo iwe mdomoni mwa kila karani wa tawi. Mteja anayekuja mbio hataki kusikia uwiano wa mtaji. Anataka kujua fedha zake zipo, na zisipokuwepo, kiasi gani kimelindwa. Meneja asimame nje kwenye foleni na kuwajibu. Akijifungia ofisini na kufunga pazia, foleni itaongezeka.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mshauri mvivu anautumia msemo huu kuogopa uvumi. Mimi nautumia kuusikiliza. Uvumi wa kijijini mara nyingi una punje ya kweli iliyovikwa nguo isiyo yake, na kazi yako ni kuipata punje. Kabla ya Vita vya Maji Maji vya 1905 habari za dawa ya maji ya mganga Kinjikitile zilisafiri kutoka Ngarambe, hapo hapo Rufiji, kwa minong'ono kwa miezi mingi, na Wajerumani wenye boma na simu ya waya walikuwa wa mwisho kuelewa uzito wake. Ofisi ya kampuni iliyozungushiwa ukuta inaweza kuwa hivyo hivyo.

Kuhusu Kibiti lazima niseme jambo zito kidogo. Kati ya 2015 na 2017 watu wengi waliuawa Mkuranga, Kibiti na Rufiji, wengi wao wakiwa viongozi wa vijiji na vitongoji, na Aprili 13, 2017 polisi wanane waliuawa kwa kushambuliwa wakiwa kwenye gari. Novemba 21 mwaka huo mwandishi wa kujitegemea aliyeripoti mauaji yale kwa magazeti ya Mwananchi, Azory Gwanda, alitoweka Kibiti. Julai 2019 Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati ule, Profesa Kabudi, alipohojiwa na BBC alitamka maneno yaliyoeleweka kwamba Azory amekufa, kisha akafafanua kwamba hakumaanisha hivyo. Kwa mshauri, lile ni somo la jinsi msemaji anavyoweza kuitonesha familia kwa sentensi moja aliyoisema njiani akielekea kwenye hoja nyingine. Mwandae msemaji wako kwa maswali yasiyohusu mradi. Ayajue majina ya watu walioumia mahali hapo, na kama hana jibu aseme hana, kisha anyamaze.

Lakini kwa watu wa Kibiti lile si somo, ni maisha yao. Usiingie kijijini na daftari ukiuliza majina ya wanaopinga mradi. Usimwombe mtendaji akuandalie orodha ya "wachochezi". Usikusanye picha za nyuso za mkutano bila kuuliza. Tangu Mei 2023 kuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, na hata bila sheria, kuna watu ambao jina kuandikwa kwenye karatasi ya mgeni kuliwahi kuwaletea hofu isiyoisha. Mteja akikuomba orodha kama hiyo, kataa, na uandike barua kwamba umekataa.

Na waandishi wa habari wa wilayani uwatendee kama watu wa kazi. Wengi hawana mshahara, wanalipwa kwa habari inayochapishwa. Nauli ya kuwafikisha Nyamisati na boti ya kuwavusha unaweza kuigharamia wazi, kwa viwango vinavyojulikana, kwa wote sawa, hata aliyekuandika vibaya wiki iliyopita. Bahasha ya kaki ni kitu kingine, na kila mmoja kwenye chumba anajua ni kitu kingine. Habari uliyoinunua haitakufaa siku ya mafuriko, kwa sababu siku hiyo wasomaji watakumbuka ulivyoipata.

Utaulizwa kuhusu kuomba radhi. Mwanasheria wa kampuni atakwambia radhi ni kukiri kosa mahakamani, na mara nyingine ana haki. Zungumzeni kabla ya msiba. Kuna sentensi ambazo hazikiri wajibu wa kisheria na bado ni za kiutu: tumepoteza majirani, tumesimamisha kazi, mkurugenzi wetu yuko njiani, atalala hapa. Serikali iliposema bungeni Aprili 2024 kwamba mvua za msimu ule zimeua watu 155 nchini, hakuna aliyehitaji wakili ili kutoa pole. Toa pole kwanza, kwa majina ya vijiji. Maelezo ya kitaalamu yafuate, na yatolewe na mhandisi mwenyewe, si na wewe. Wewe kaa pembeni. Mshauri anayejulikana kwa sura kijijini ameshaanza kuwa msemaji, na msemaji hawezi tena kumwambia bosi ukweli kwa uhuru ule ule.

Mkataba wako nao uandike kwa kuulinda uhuru huo. Usilipwe kwa idadi ya habari nzuri zilizochapishwa, utaanza kuzitafuta. Omba haki ya kuingia kwenye kikao cha bodi pale hesabu za hasara zinaposomwa, siyo kusubiri kuletewa "ujumbe" umekwishapikwa. Weka kifungu kinachosema unaweza kuondoka ukigundua umepewa namba za uongo, na kwamba mteja hatatumia jina lako baada ya hapo. Watakaokataa kifungu hicho ni wateja ambao ungewaacha tu, kwa hasara zaidi.

Halafu ingiza kwenye bajeti safari ya kurudi. Hii wateja huikata kwanza, kwa kuwa msukosuko umekwisha na kamera zimeondoka. Ipiganie. Orodhesha kila kilichoahidiwa kwenye mikutano, nani aliahidi, kwa tarehe gani, kisha panga kwenda kukisoma hadharani kiangazi, mpunga ukiwa umevunwa na watu wapo nyumbani. Kabla hujatangaza tarehe, mpigie nahodha wa Nyamisati umuulize hali ya maji: wakati wa maji mafu mikondo midogo inakosa kina, boti inakwama kwenye matope, na mkutano ulioitishwa saa nne asubuhi utaanza saa tisa, wazee wakiwa wameshaondoka.